Jina Juu ya Bahasha

Klabu ya Nanga, Takoradi
14 Januari 1980

Mdogo wangu Yaw,

Barua yako imefika, na kabla sijasoma hata salamu imenitoa jasho. Umeandika juu ya bahasha "Kwasi Asubonteng" kwa ule mwandiko wako wa kusifiwa na walimu, herufi kubwa kama tangazo la msiba. Katibu wa klabu aliishika mkononi akauliza mbele ya wachezaji wote, "Huyu Kwasi ni nani tena?" Nikasema ni kaka yangu wa nyumbani, barua imekosea njia. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikukumbushe, maana naona kusoma sana kunasahaulisha. Hapa mimi ndiye Yaw. Nimezaliwa tarehe 12 Machi 1959 na nakaribia miaka ishirini na moja, kama cheti chako kinavyosema. Yule Kwasi wa miaka ishirini na saba, mwenye goti bovu, yuko huko Bekwai analima kakao. Usimlete Takoradi. Kwetu mtu akisikia Kwasi anajua mtoto wa Jumapili, akisikia Yaw anajua wa Alhamisi, hahitaji kuwa mpelelezi.

Sikuandikii kwa ukali bure. Mabwana wa klabu moja ya Abidjan wamekuja kunitazama mara mbili. Wanatafuta kipa kijana wa kumlea wenyewe, na aliyepita miaka ishirini na mbili hawamtaki. Watanitazama mara ya mwisho tarehe 16 Machi, tukicheza Kumasi na Wachimbaji wa Obuasi. Nikidaka vizuri siku hiyo, mambo yangu yamekwisha kunyooka.

Mwambie mama asije Kumasi. Anajua kuniita jina moja tu.

Kaka yako,
Yaw (zoea)


Bekwai
29 Januari 1980

Kaka,

Nisamehe kwa bahasha. Mkono uliandika jina ambalo umeliandika tangu darasa la kwanza. Mama hajambo, kifua kimetulia, na anauliza kama bado unakula kenkey, yale madonge ya mahindi ya pwani, kila siku au umepata mtu wa kukutwangia fufu ya mihogo.

Nina habari, na ningependa uisome mara mbili kabla ya kujibu. Nimepata ufadhili wa masomo. Ni uhandisi wa maji, miaka mitano, ng'ambo. Tulikuwa mia tatu na zaidi tuliofanya mtihani, wamechukua wanane. Sharti ni kwamba mtu asizidi miaka ishirini na mitano, alete cheti halisi cha kuzaliwa, si nakala, na aombe pasipoti. Mwisho ni tarehe 30 Aprili.

Ulipokichukua cheti ulisema miezi mitatu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikakuamini, na sijawahi kukusumbua. Sasa ni karibu miaka minne, nami nakihitaji. Mbona hujawahi kunieleza kiko wapi hasa?

Mama nimemwambia kuhusu Kumasi. Ameitikia haraka mno, na hilo halinipendezi.

Mdogo wako,
Yaw


Takoradi
11 Februari 1980

Mdogo wangu,

Hongera. Nimewaambia wenzangu chumbani kwamba ndugu yangu atakuwa mhandisi, wakauliza mkubwa au mdogo, nikainama kufunga viatu.

Cheti kiko kwenye kabati la chuma la klabu pamoja na vya wenzangu. Sikitoi kabla ya mechi ya Kumasi, wataniuliza nakitakia nini. Baada ya hapo nitakipata, kabla ya hiyo tarehe yako. Nivumilie.

Na usiniandikie kama mdai. Nilipoacha shule darasa la sita baada ya mazishi ya baba, hukuuliza nani atashika panga shambani ili wewe ushike kalamu. Wala sikukuuliza mimi. Sasa nina kitu kimoja tu ninachokiweza duniani, kusimama katikati ya nguzo mbili, na goti la kulia limeanza kuvimba kila baada ya mazoezi. Nalificha kwa soksi ndefu. Kijana wa miaka ishirini hana goti kama hili. Abidjan wakinichukua nina miaka minne, labda mitano. Wasiponichukua ninarudi kwenye panga.

Tutazungumza baada ya Kumasi.

Kaka yako,
Yaw


Bekwai
19 Machi 1980

Kaka,

Umeshinda, na redio imekutaja mara tano. Lakini keti kwanza.

Mama alikwenda. Aliniambia anakwenda kumzika mtu Fomena, akavaa kitambaa chake cheusi na chekundu cha msibani, akapanda lori la akina mama wa sokoni mpaka Kumasi. Walikaa nyuma ya goli lako. Ulipodaka ile penalti ukabaki chini umeshika goti, alisimama juu ya benchi akapiga kelele, "Kwasi! Kwasi ee, inuka, baba!" Ninajua kwa sababu amenisimulia mwenyewe kwa furaha, akiigiza mpaka kitambaa kikamdondoka.

Aliyekaa karibu naye alikuwa Bwana Dwomoh, katibu wa Wachimbaji. Ni mwalimu mstaafu, mtu mpole, ana kalenda ya kanisa ya miaka mia moja. Jana alifika hapa nyumbani na ndizi na salamu nyingi. Mimi nilikuwa shambani. Alimpongeza mama kwa kuzaa simba, kisha akamuuliza taratibu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, mtoto wake wa kwanza alizaliwa siku gani. Mama akamwambia Jumapili, kengele za misa zikilia. Alijivuna. Hajui kusoma, kaka, hajui kwamba tarehe 12 Machi 1959 ina siku yake.

Dwomoh anajua. Amekata rufaa. Anasema hakuna mtu wa kabila letu la Waasante anayezaliwa Alhamisi akaitwa Kwasi na mama yake mzazi.

Uliahidi cheti baada ya Kumasi. Kumasi imepita.

Yaw


Kamati ya Nidhamu ya Ligi, Kumasi
1 Aprili 1980

Kwa Bi. Afua Nkansa na mwanawe anayeishi naye, Bekwai

Kuhusu rufaa dhidi ya umri wa kipa wa Klabu ya Nanga.

Kipa huyo ameeleza mbele yetu kwamba yeye ndiye Yaw, mdogo. Kwamba anaye kaka aitwaye Kwasi anayeishi na mama yao. Na kwamba mama, kwa hofu ya kumwona mwanawe ameanguka, aliita jina la mwanawe mkubwa bila kukusudia.

Mnatakiwa kufika siku ya Alhamisi, 24 Aprili, saa nne asubuhi, nyote wawili, ili mtamke kwa kiapo ni nani kati ya ndugu hawa ni Kwasi na ni nani Yaw.

Katibu wa Kamati


Takoradi
5 Aprili 1980

Mdogo wangu mpenzi,

Nadhani umeshapata barua ya kamati. Ilibidi niseme kitu. Walinikalisha kwenye kiti katikati ya chumba, Dwomoh akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona mama yako alikuita Kwasi?" Lile la kaka lilinitoka kama mkono unavyotoka kuzuia mpira. Mama zetu hawaiti watoto wote majina yote mpaka wafike kwenye la mtu wanayemtaka? Kila aliyekuwa mle alitabasamu, hata mwenyekiti. Waliniamini nusu. Nusu iliyobaki iko kwako.

Nakuomba useme maneno matatu: mimi ni Kwasi. Mama aseme kifua kimembana, asije, maana hawezi kuapa uongo na simtaki aape. Uende peke yako. Mwenyekiti anataka kesi iishe. Abidjan wamesema wanangoja hadi tarehe 25, zaidi ya hapo wanamchukua kipa wa akiba wa Wachimbaji.

Ufadhili unaweza kuomba tena mwakani. Miguu yangu haina mwakani. Nikishakuwa huko nitakutafutia shule kuliko hiyo, naapa.

Nijibu haraka.

Kaka yako


Bekwai
12 Aprili 1980

Kaka,

Juzi nilikwenda Accra, ofisi ya pasipoti. Nilidhani nikianza kuomba mapema, cheti kitanikuta njiani. Dada wa dirishani alikuwa mtu mwema. Aliandika jina langu, akaenda nyuma, akarudi na jalada, akaniambia, "Ndugu yangu, pasipoti ya jina hili na tarehe hii ilitoka Novemba." Akalifungua.

Ulikuwa unanitazama. Jina langu, tarehe yangu, kijiji changu, na uso wako. Umevaa shati langu jeupe la shule, lile nililodhani limeibwa kwenye kamba Krismasi ya mwaka juzi.

Kwa hiyo cheti hakikuwa kwenye kabati la chuma, au kama kilikuwepo kilitoka ulipokitaka wewe. Ulipokuwa ukiniambia nivumilie, ulikuwa tayari una pasipoti mfukoni. Nilimwambia yule dada nimekosea, nikaondoka haraka kama mwizi. Mimi, kwa jina langu mwenyewe.

Unasema ni maneno matatu. Nikiyasema, yataandikwa, nitatia sahihi, na gazeti litachapa. Nitakuwa na miaka ishirini na saba kabla ya jua kutua. Hakuna ufadhili wa mwakani kwa mtu wa miaka ishirini na saba. Hakuna mtihani, hakuna cheti cha shule, kwa sababu vyote vina jina la Yaw, na Yaw atakuwa Abidjan anadaka mipira. Umelifikiria hilo hata siku moja?

Sijasahau panga. Kila nikishika kalamu nalikumbuka, hukuwa na haja ya kuniandikia.

Nitakwenda Kumasi. Sikuambii nitasema nini, kwa sababu sijui.

Yaw Asubonteng


Bekwai
25 Aprili 1980

Kaka,

Ninaandika mwenyewe ili usilisikie kwa Dwomoh.

Mama alikataa kuumwa. Nilimsomea barua yako yote, na mpaka neno la mwisho alikuwa akimenya mihogo bila kuinua macho. Asubuhi nikamkuta amevaa, kitambaa kilekile cha msiba.

Chumba kilikuwa kidogo, watu watano nyuma ya meza, Dwomoh pembeni na kalenda yake mapajani. Mwenyekiti ni mzee wa haraka, alitazama saa mara mbili kabla hatujakaa. Nilijua alitaka jibu jepesi, na jepesi lilikuwa lako. Usiku kucha nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Mimi ni Kwasi. Lilikuwa limeanza kutoka vizuri, naapa kaka, lilikuwa mdomoni.

Lakini hawakuanza na mimi. Walianza na mama. Wakamwapisha kwa kiapo chetu cha Waasante, kile ambacho hata walevi hawakitaji ovyo. Kisha mwenyekiti akaninyooshea kidole akamuuliza, "Mama, huyu hapa ni mtoto wa siku gani?"

Ungemwona. Alishika ncha ya kitambaa akajifunika mdomo. Alinitazama, kisha akautazama mlango, kana kwamba wewe ungeingia. Nikajua atasema Jumapili. Angesema kwa ajili yako, na angekufa na uongo ule kifuani.

Sikumngoja. Nilisimama nikasema, "Mimi ni Yaw. Nimezaliwa Alhamisi. Kipa wa Nanga ni kaka yangu Kwasi."

Dwomoh alifunga kalenda. Hakufurahi, nilimtazama nikiwa na hamu ya kumchukia, hakufurahi. Mwenyekiti aliandika mistari mitatu, akaniambia nitie sahihi.

Mama alipanda lori akakaa benchi la mbele, mimi la nyuma. Leo amepika, ameniwekea chakula, lakini hajaniita jina. Uamuzi utatangazwa wiki ijayo, ila wewe na mimi tunaujua. Nimekutoa uwanjani kwa mkono wangu. Ukiamua kutoniandikia tena nitaelewa.

Yaw


Takoradi
22 Aprili 1980

Yaw,

Keshokutwa wakikuuliza, sema Alhamisi.

Nikueleze kwa nini, maana najua utadhani nina homa. Jumapili tulicheza hapa nyumbani. Dakika ya sabini kona ikapigwa, mpira juu, wangu kabisa, hata wewe ungeudaka. Beki wangu akaita, "Yaw, wako!" Kipa akiitwa hutoka kabla kichwa hakijafikiri, miaka minne nimetoka hivyo kwa jina lako na sijakosa. Safari hii nilisimama. Kilichonijia ni wewe, kwenye dirisha la ofisi huko Accra, unasema umekosea na kuondoka. Nilisikia jina likiitwa nikangoja uje. Mpira ukanipita juu ya kichwa ukaingia.

Wenzangu walidhani jua limenipiga machoni. Kocha amenisamehe. Hakuna aliyejua, lakini mimi nimejua kwamba sitadaka tena kwa jina hilo, Abidjan wala popote.

Cheti hiki hapa ndani. Kimekunjwa sana, kiweke chini ya kitabu kizito. Shati nitalileta mwenyewe.

Usimwache mama aape.

Kaka yako. Sijui nitie sahihi gani.


Bekwai
30 Aprili 1980

Kaka,

Barua yako ilifika juzi, na cheti. Leo nimekifikisha ofisi ya ufadhili, saa mbili kabla ya kufunga. Wamekipokea.

Nilimsomea mama. Alinitaka nisome tena ile sehemu ya "sema Alhamisi", kisha tena. Halafu akalia kwa muda mrefu, akaja kuniita Yaw, akaniuliza kama nimekula. Anamwambia kila jirani kwamba wanawe walisema neno moja wakiwa miji miwili. Amepata amani, nami nashukuru.

Ila mimi ni mtu wa kutazama vitu, unanijua. Barua umeiandika tarehe 22. Muhuri wa posta ya Takoradi, wino mzuri kabisa haukufifia, unasema 24. Ingetiwa posta tarehe 22, bila Jumamosi na Jumapili kuichelewesha, ingenikuta kabla sijapanda lori. Ningesimama mle ndani nikiwa na ruhusa yako mfukoni, badala ya kusimama kama mtu anayemuuza ndugu yake. Zilikuwa siku nne, kaka, ambazo sikulala.

Sitamwonyesha mama. Nataka uniambie tu kama uliandika kabla, au uliandika baada ya kusikia.

Yaw


Takoradi
2 Juni 1980

Mdogo wangu Yaw,

Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lilikuwa fupi na sikulipenda.

Niliandika tarehe 22, kama nilivyosema. Nikaigundisha, nikatia stempu, nikaenda nayo posta. Sanduku liko pale nje, mdomo wazi. Sikuitia. Nikajiambia nitaitia jioni. Jumatano nikaenda nayo mazoezini ndani ya soksi ndefu, ile ya kuficha goti. Alhamisi asubuhi nilikuwa nayo bado. Saa nne, saa ya kamati, nilikuwa nimesimama mbele ya sanduku, na nilingoja mpaka saa ya kanisani ikagonga tano ndipo nikaiachia. Nilijua kwamba wakati huo umeshasema, hivi au vile.

Yale niliyoandika ndani yalikuwa kweli, na kwa siku mbili nilitamani useme Kwasi. Nilitaka niwe mtu mwema na nipate Abidjan pia, vyote kwa bahasha moja. Ungesema Kwasi, ningekuja nikuonyeshe barua nikwambie, unaona, mimi nilikuruhusu. Nimekudanganya kwa karatasi miaka minne. Hii sitaki ibaki.

Kwa hiyo usijione uliniuza. Ulisema peke yako, bila ruhusa ya mtu, kitu ambacho mimi kilinishinda kukitia kwenye tundu la sanduku.

Wamenifungia miaka mitano. Pasipoti nimeirudisha Accra mwenyewe, yule dada wa dirishani alinitazama sana kisha akaitoboa isitumike tena. Abidjan wamemchukua yule kipa wa akiba wa Wachimbaji, kijana mzuri, ana miguu. Mimi nimepata kazi bandarini, kupakia magogo. Jumapili wapakiaji tunacheza kwenye uwanja wa kokoto nyuma ya maghala, timu isiyoandikishwa popote wala kuuliza cheti cha mtu. Siku ya kwanza walipoitisha jina langu nilijibu bila kufikiri.

Jana mama alikuja. Labda alikwambia anakwenda msibani. Alikaa nyuma ya goli juu ya gogo, akaita dakika tisini, Kwasi huku, Kwasi kule, mpaka washambuliaji wa upande wa pili wakamwomba apumzike. Nilifungwa mawili. Goti lilivimba kama kiazi. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi hivyo uwanjani.

Shati lako nimelifua, amelibeba yeye. Safiri nalo.

Ukifika huko ng'ambo niandikie. Andika jina langu lote juu ya bahasha, kwa mwandiko wako ule mkubwa, hata karani wa bandari alisome akiwa mbali.

Kaka yako,
Kwasi Asubonteng